Pima Waya Kabla ya Kununua Boksi: Mwongozo wa Mgongano wa Ujumbe Ndani ya Gari

Morogoro ni njia panda. Pale Msamvu barabara itokayo Dar es Salaam inagawanyika: moja inaelekea Dodoma, nyingine inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwenda Iringa na Mbeya hadi mpakani Zambia. Milimani nako, gari ndogo na malori hushusha mboga na matunda kutoka Mgeta kupitia Mlali. Kwa hiyo kijana anayeanza ufundi Mwembesongo, au kata nyingine yoyote ya mji huu, hachagui gari la kujifunzia. Leo analetewa Noah, kesho lori la tani thelathini, keshokutwa basi.

Kuna ugonjwa mmoja unaozikuta gari hizi zote. Taa za dashibodi zinawaka tatu nne kwa pamoja: ya injini, ya breki za ABS, ya usukani. Mshale wa spidi unalala kwenye sifuri ilhali gari linatembea. Gia zinagoma kubadilika, au injini inazunguka bila kuwaka. Ukichomeka mashine ya kupimia, inatoa orodha ya kodi zinazoanza na herufi U. Hapo ndipo mwenye gari anapoambiwa kontroli boksi limekufa, atafute lingine Dar es Salaam. Anauza alichonacho, boksi linaletwa, linafungwa, na taa zinabaki zimewaka vilevile.

Kodi ya U haisemi kwamba boksi limekufa. Inasema ujumbe uliotarajiwa haukufika. Ujumbe unaweza kukosa kufika kwa sababu waya umekatika, kwa sababu nyaya mbili zimegusana, au kwa sababu jumbe zimegongana njiani zikaharibika. Mengi ya mambo hayo hupimwa kwa multimita ya kawaida, ambayo fundi rewaya tayari anayo mfukoni. Makala hii inaeleza jinsi ujumbe unavyogongana ndani ya gari, jinsi gari lenyewe linavyosuluhisha mgongano huo, na hatua za kufuata pale usuluhishi unaposhindwa.

Njia moja, wasemaji wengi

Gari la kisasa lina kompyuta ndogo nyingi. Ipo ya injini, ya gia, ya breki, ya mifuko ya hewa, ya dashibodi, ya milango. Mafundi wetu huziita kontroli boksi. Hapa tuseme boksi tu. Maboksi haya yanategemeana. Boksi la gia haliwezi kubadili gia bila kujua mzunguko wa injini. Dashibodi haiwezi kuonyesha spidi bila kuambiwa na boksi la breki, ambalo ndilo lenye sensa za magurudumu.

Zamani kila taarifa ilikuwa na waya wake. Kadiri vifaa vya umeme vilivyoongezeka, nyaya zilinenepa, zikawa nzito, ghali na ngumu kutafutia hitilafu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kulishughulikia tatizo hilo mwaka 1983, na Februari 1986 ikauonyesha mfumo wake mbele ya wahandisi wa magari mjini Detroit, Marekani. Mfumo huo unaitwa CAN. Mercedes-Benz ya daraja la S iliyotoka mwaka 1991 ilikuwa miongoni mwa gari za kwanza kuutumia, na mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa kwa namba ISO 11898. Gari zote ndogo za modeli ya 2008 na kuendelea zinazouzwa Marekani zinalazimika kuutumia kwa ajili ya upimaji.

CAN ni nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mmoja huitwa CAN ya juu, mwingine CAN ya chini. Maboksi yote yamening'inia kwenye nyaya hizo, na kila boksi linasikia yote yanayosemwa. Hakuna bosi anayegawa zamu. Yeyote mwenye jambo husubiri kimya, kisha husema.

Maboksi mawili yakisubiri kimya hichohicho, yataanza kusema kwa wakati mmoja. Huo ndio mgongano, na ndani ya gari linalotembea hutokea kila wakati. Kama kila mgongano ungepoteza ujumbe, breki za gari lako zingekuwa zinategemea bahati.

Mgongano usiopoteza kitu

Ujumbe wa CAN husafiri kama mfululizo wa sifuri na moja, ziitwazo biti. Wakati wa moja, nyaya zote mbili hutulia kwenye volti 2.5 hivi. Wakati wa sifuri, waya wa juu hupanda hadi karibu volti 3.5 na wa chini hushuka hadi karibu 1.5. Nguvu yote ya mfumo imo katika jambo hili: boksi moja likitoa sifuri na jingine likitoa moja kwa wakati uleule, sifuri ndiyo inayoonekana kwenye waya. Sifuri hushinda daima.

Kila ujumbe huanza na namba yake ya utambulisho, yenye biti 11 kwa gari ndogo nyingi na 29 kwa malori mengi. Boksi linapotaja namba hiyo, husikiliza waya biti kwa biti. Likitoa moja halafu likasikia sifuri, linajua kuna mwenye neno la haraka zaidi. Linanyamaza palepale na kuendelea kusikiliza.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Boksi la milango lina ujumbe namba 1280, la injini namba 256, la breki namba 160. Yote matatu yanaanza kwa pamoja:

- Milango: 10100000000
- Injini: 00100000000
- Breki: 00010100000

Katika biti ya kwanza, milango inatoa moja lakini waya unaonyesha sifuri, kwa hiyo milango inajitoa. Biti ya pili wote wawili waliobaki wanatoa sifuri, hakuna anayejua kama ana mshindani. Biti ya tatu injini inatoa moja, breki inatoa sifuri. Injini inajitoa. Breki inaendelea hadi mwisho bila hata kujua kwamba ilishindana na mtu, na ujumbe wake haukupoteza hata biti moja.

Kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye cheo kikubwa. Kwenye njia ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa gari ndogo, ujumbe mzima humalizika kwa takriban robo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Injini husubiri muda huo, kisha inajaribu tena, na milango hufuata.

Kwa nini wasisubiri kwa kubahatisha?

Kuna njia nyingine za kushughulikia mgongano, na ni vizuri fundi azijue ili aelewe kwa nini gari halizitumii. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Mfumo wao, ALOHA, ulikuwa rahisi: tuma unapotaka, usipopata jibu subiri muda wa kubahatisha, tuma tena. Hesabu inaonyesha kwamba kwa utaratibu huo njia hubeba mzigo wa manufaa usiozidi asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Kinachobaki ni ukimya na jumbe zilizogongana.

Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa kwenye maabara ya Xerox huko California, alichukua wazo hilo na kuliboresha katika mtandao wa Ethernet: sikiliza kwanza, tuma, ukigundua mgongano acha, subiri kwa kubahatisha, na kila mgongano unaofuata panua muda wa kubahatisha. Kwa kompyuta za ofisini hilo lilitosha, kwani barua ikichelewa nusu sekunde hakuna anayeumia. Lakini gari linaloshuka mteremko wa milima ya Uluguru na mzigo wa kabichi haliwezi kuwa na breki zinazobahatisha. Ndiyo sababu CAN imetengenezwa ili ujumbe wenye cheo cha juu upite bila kusubiri bahati.

Basi ugonjwa unatoka wapi?

Usuluhishi huu hufanya kazi kwa masharti. Nyaya ziwe nzima, kila namba ya ujumbe iwe na msemaji mmoja tu, na wote waseme kwa spidi moja. Sharti moja likivunjwa, mgongano unaharibu ujumbe. Sababu zenyewe ni hizi:

1. Waya umekatika au umegusana. Waya uliokwaruzwa na bodi, plagi iliyoingia maji baada ya injini kuoshwa kwa pampu, kutu ya msimu wa mvua, panya aliyelala kwenye boneti. Haya yote ni ya kawaida kwetu.

2. Kizuizi cha mwisho wa njia kimepotea au kimeongezwa. Kila ncha ya njia ya CAN ina rezista ya omu 120. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya umeme yasirudi nyuma kama mwangwi na kuuvuruga ujumbe unaofuata.

3. Kifaa kilichoongezwa. Alamu, redio yenye skrini, kifaa cha kufuatilia gari. Mabasi ya abiria yana vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na wenye malori nao hufunga vyao. Kifaa kilichofungwa vizuri hakina ubaya. Lakini kikiunganishwa kwenye nyaya za CAN kikiwa na spidi isiyo ya njia ile, kila kinachosema ni kelele kwa wengine wote.

4. Namba moja, wasemaji wawili. Hutokea boksi la mtumba linapofungwa bila kupangiwa programu ya gari husika. Maboksi mawili yakituma ujumbe wa namba ileile kwa pamoja, hakuna linaloshindwa katika namba. Yote yanaendelea hadi kwenye data, na huko yanatofautiana. Hapo ujumbe unaharibika.

5. Umeme mdogo. Betri ikishuka sana wakati wa kupiga stata, baadhi ya maboksi hujizima kwa muda na mengine kuyalalamikia. Kodi za U zinabaki kwenye kumbukumbu, ingawa njia yenyewe ni nzima.

Boksi linalojinyamazisha

Hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika, kwa hiyo tutulie kidogo. Kila boksi hujihesabia makosa. Likituma ujumbe ukaharibika, linajiongezea alama 8. Ukifika salama, linajipunguzia 1. Alama zikizidi 127, linaanza kulalamika kwa sauti ya chini ili lisisumbue wengine. Zikizidi 255, linajitoa kabisa kwenye njia.

Piga hesabu: jumbe 32 zinazoharibika mfululizo zinatosha kulitoa boksi zima kwenye mazungumzo, kwani 32 mara 8 ni 256. Kwa spidi ya CAN, hilo linaweza kutimia ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Boksi lililojitoa halijibu mashine ya kupimia. Fundi anasema limekufa. Lakini limenyamaza kwa makusudi, kama lilivyotengenezwa, ili maboksi mengine yaendelee kuzungumza. Ukizima swichi, ukasubiri, ukawasha tena, huenda likarudi kwa muda kisha likanyamaza tena. Dalili hiyo ya kupotea na kurudi inakuambia utafute kinachoharibu ujumbe. Kubadili boksi hapo ni kumfukuza shahidi na kumwacha mhalifu.

Hatua za kupima

Hatua ya kwanza: msikilize mwenye gari. Muulize tatizo lilianza lini na kabla yake nini kilifanyika. Gari lilioshwa injini? Lilipita kwenye maji? Lilifungwa redio au alamu? Lilichomelewa? Liligongwa? Jibu lake mara nyingi litakuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya pili: pima betri. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi kwa gari nyingi. Usitafute ugonjwa wa mawasiliano kwenye gari lenye betri chovu.

Hatua ya tatu: soma kodi za maboksi yote, si la injini peke yake. Ziandike kwenye daftari kabla ya kuzifuta. U0100 ina maana mawasiliano na boksi la injini yamepotea. U0121 ni mawasiliano na boksi la ABS. U0073 inasema boksi limejitoa lenyewe kwenye njia. Kisha tazama nani anamlalamikia nani. Kama maboksi yote yanalilalamikia boksi moja, anza na plagi, umeme na ethi ya boksi hilo, kisha tawi la waya linaloliendea. Kama hakuna boksi linalojibu, shida iko kwenye njia kuu.

Hatua ya nne: pima omu. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na hakichukui dakika kumi. Zima gari, chomoa kichwa hasi cha betri, subiri dakika chache ili maboksi yalale. Tafuta soketi ya kupimia yenye pini 16 chini ya dashibodi. Weka multimita kwenye omu, ncha moja pini ya 6, nyingine pini ya 14. Majibu yasome hivi:

- Karibu omu 60: rezista zote mbili zipo na njia kuu haijakatika. Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba hutoa 60.
- Karibu omu 120: rezista moja haionekani. Ama waya umekatika katikati, ama boksi lenye rezista limechomolewa.
- Karibu omu 40: kuna rezista ya tatu. Tafuta kifaa kilichoongezwa.
- Karibu sifuri: waya wa juu na wa chini zimegusana.
- Multimita haisomi kitu: njia imekatika kabla ya kufika kwenye soketi, au soketi hiyo haina CAN.

Hilo la mwisho lizingatie. Gari nyingi za mtumba kutoka Japani zilizotengenezwa kabla ya CAN kuenea hutumia mfumo mwingine, na pini za 6 na 14 hazina hata shaba. Nazo baadhi ya gari mpya zina boksi la lango kati ya soketi na njia nyingine za ndani. Humo kipimo cha kwenye soketi kinaeleza kipande kimoja tu, na itabidi upime pia kwenye plagi za ndani.

Hatua ya tano: pima volti. Rudisha betri, washa swichi bila kuwasha injini. Pima kila waya na ethi. Njia nzima inapozungumza, multimita huonyesha wastani: waya wa juu kidogo zaidi ya volti 2.5, wa chini kidogo pungufu ya 2.5. Jumla yao iwe karibu 5. Waya ukisoma sifuri umegusa bodi. Ukisoma volti 12 umegusa waya wa moto. Fundi mwenye osiloskopu ataona zaidi, maana multimita haionyeshi ujumbe mmoja mmoja, lakini asiye nayo asikate tamaa: omu na volti zinatosha kupata hitilafu nyingi.

Hatua ya sita: chomoa kimoja kimoja. Anza na vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Kila ukichomoa kimoja, tazama multimita au mashine. Njia ikizinduka baada ya kuchomoa kifaa fulani, umempata msumbufu au umepata tawi lake. Kumbuka kwamba ukichomoa boksi lenye rezista, omu zitapanda hadi 120. Hiyo si hitilafu mpya.

Boksi jipya linakuja baada ya hatua hizi zote. Linanunuliwa pale tu ambapo waya, umeme na ethi vimethibitika kuwa salama.

Ukirekebisha, rekebisha sawasawa

Nyaya za CAN zimesokotwa kwa sababu. Kelele ya umeme kutoka koili, nozeli au oltaneta huzigonga zote mbili kwa kiasi kilekile, na boksi hupima tofauti kati yake, kwa hiyo kelele inafutika. Ukiunga waya ukaacha sehemu ndefu haijasokotwa, umefungua mlango. Unga kwa risasi, funika kila waya kwa mpira wa kusinyaa, kisha zisokote tena hadi karibu kabisa na kiungo. Zipishanishe sehemu za kuungia ili zisigusane. Tepu peke yake haivumilii joto la boneti wala tope la barabara za milimani.

Usitumie CAN kama tundu la kuchotea umeme, na usiunganishe tawi refu. Tawi refu huleta mwangwi kama ule wa rezista iliyopotea.

Kabla ya kuchomelea popote kwenye gari, chomoa betri na, kwa lori, chomoa plagi za maboksi pia. Kibano cha ethi cha mashine ya kuchomelea kiwe karibu kabisa na pale unapochomelea. Mkondo wa kuchomelea ukipita ndani ya boksi, ndipo boksi linapokufa kweli.

Malori na mabasi

Malori na mabasi mengi hutumia CAN kwa sheria ziitwazo J1939. Spidi yake ya kawaida ni kilobiti 250 kwa sekunde, na baadhi ya modeli mpya hutumia 500. Plagi ya kupimia kwa nyingi ni ya duara yenye pini 9, na nyaya za CAN ziko kwenye pini C na D. Kipimo ni kilekile: omu 60. Kwa njia ya kilobiti 250, urefu wa njia kuu usizidi mita 40, tawi lisizidi mita 1.

J1939 imeongeza ulinzi dhidi ya maboksi mawili kudai anwani moja. Gari likiwashwa, kila boksi hutangaza anwani yake pamoja na jina lenye biti 64. Injini kwa kawaida hudai anwani 0, gia 3, breki 11. Mawili yakidai anwani ileile, lenye jina dogo kwa thamani ndilo linalobaki nayo. Lililoshindwa hutafuta anwani nyingine, na likikosa hutangaza kwamba halina anwani, kisha hukaa kimya. Fundi aliyefunga boksi la mtumba akaona limetulia tuli, akague kwanza kama halijashindwa katika madai hayo. Tiba yake ni kulipangia programu sahihi, si kulitupa.

Kwa wafungaji wa pampu na sola

Nje ya magari, viwandani na kwenye mitambo ya maji na jua, njia inayotumika sana ni RS-485 ikiwa na lugha ya Modbus, iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Nayo ni nyaya mbili zilizosokotwa, yenye omu 120 kila ncha, na inafika hadi mita 1,200. Lakini haina usuluhishi wa CAN. Kinga yake ni nidhamu: mkuu mmoja huuliza, aliyeulizwa ndiye anayejibu, wengine kimya. Kwa hiyo mambo manne lazima yatimie.

Pawe na mkuu mmoja tu. Ukiunganisha kompyuta ya kufuatilia kwenye njia ambayo inveta tayari inauliza maswali, maswali yatagongana na hakuna atakayejibiwa vizuri.

Kila kifaa kiwe na anwani yake, kati ya 1 na 247. Vifaa vipya vingi hutoka kiwandani vyote vikiwa na anwani 1. Ukivifunga viwili kama vilivyo, vyote vitajibu swali moja. Funga kimoja, kibadilishe anwani, kiandike kwa kalamu isiyofutika, ndipo ufunge cha pili.

Spidi na mpangilio wa biti viwe sawa kwa vifaa vyote.

Waya upite kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja. Usigawanye nyaya kutoka sehemu moja kama miale ya nyota, kwani kila mwale ni tawi la kuleta mwangwi.

Kwa dereva na mwenye gari

Taa kadhaa zikiwaka kwa pamoja safarini, punguza mwendo na usimame mahali salama. Ikiwa taa ya breki au ABS ni mojawapo, usiingie kwenye mteremko wa Mgeta wala usianze kuikatiza Mikumi usiku ukitumaini zitazimika zenyewe. Zima gari, subiri, washa tena. Zikipotea, bado lipeleke gari likapimwe, na mweleze fundi ni lini, wapi, barabara ilikuwaje na mvua ilikuwa inanyesha au la.

Tafuta fundi mwenye multimita na anayejua kuitumia. Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii wana bahati ya kuwa na chuo cha VETA Kihonda hapahapa Morogoro. Ujuzi wa kupima njia ya data ni ajira, maana gari zinazoingia nchini haziachi kuongeza maboksi.

Ukiambiwa boksi limekufa, usikasirike na usilipe bado. Uliza kwa upole maswali matatu: Fundi, pini ya 6 na ya 14 zimesoma omu ngapi? Volti za kila waya ni ngapi? Umeshachomoa vifaa vilivyoongezwa? Fundi aliyepima atakujibu kwa namba, na atafurahi kwamba umeuliza. Asiyepima atajua pa kuanzia, na fedha yako itabaki mfukoni hadi kipimo kitakaposema.